Jinsi Majina Yalivyoshika Nafasi ya Namba

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa.)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na kiongozi wa kikundi ana chaki mkononi na ubao mbele yake, maana leo ubao utatufaa. Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya majina. Tutaeleza jinsi kompyuta za dunia, ambazo zenyewe hujuana kwa namba tu, zilivyopata kuitwa kwa majina. Tutaeleza pia ni nani walioandika majina hayo, na daftari la majina ya nchi yetu lilipita mikononi mwa nani.

Huenda mmoja wenu akasema: mimi sina kompyuta, habari hii yanihusu nini? Lakini siku hizi simu imeingia katika nyumba nyingi. Mtoto akifanya mtihani wa Taifa, matokeo yake hutazamwa katika simu. Mzazi anayesoma jina la mahali anapokwenda kuyatazama amekwisha kuligusa somo hili. Akilisoma vibaya aweza kupotea, na mara nyingine aweza kuibiwa. Basi tusikilizane.

Kwanza, namba. Intaneti ni kompyuta nyingi za dunia zilizounganishwa kwa nyaya, minara na setilaiti, zipate kupelekeana habari. Kompyuta moja haiwezi kuipelekea nyingine habari bila kujua mahali ilipo, na mahali hapo hutajwa kwa namba. Kiongozi, tafadhali andika ubaoni: 192.0.2.44. Hiyo ni namba ya mfano tu. Mnaona hesabu nne, na kati yake nukta. Kila hesabu yaanzia 0 na haipiti 255. Kwa mpango huo zapatikana namba zaidi ya bilioni 4. Walioupanga waliona ni nyingi mno, lakini hazikutosha. Hayo tutayagusa mbele.

Namba hiyo ifananishe na namba ya sanduku la posta. Barua ya kwenda Mwanza huandikwa S.L.P. na namba, nayo hutiwa katika sanduku lenye namba ile. Karani wa posta hana haja ya kujua sura yako.

Mashine haichoki kukumbuka namba, lakini mwanadamu huchoka. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ana wateja Shinyanga, Tabora, na hata ng'ambo ya mpaka katika Kongo. Katika simu yake hakuandika namba peke yake. Kila namba ameipa jina la mtu wake. Mteja akibadili laini, mama hufuta namba ya zamani na kuandika mpya, na jina hubaki lile lile. Hapo pana faida mbili. Jina hukumbukika, na jina hudumu hata namba ikibadilika. Watu wakieleza habari hii hupenda kuitaja faida ya kwanza tu, lakini mimi naona ya pili ndiyo kubwa.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mtandao uliozaa intaneti ulianza Marekani mwaka 1969, kwa fedha za wizara ya ulinzi ya nchi ile. Uliitwa ARPANET. Mwisho wa mwaka huo mahali palipounganishwa palikuwa panne tu, patatu katika jimbo la California na pamoja katika jimbo la Utah. Watu walioziendesha kompyuta hizo walijuana, na namba zao zingeweza kuandikwa juu ya kiganja cha mkono.

Kompyuta zikaongezeka, na kila mahali watu wakajiandikia orodha yao ya majina. Hapo ndipo matata yalipoanza, maana kompyuta ile ile iliweza kuitwa hivi katika chuo kimoja na vile katika chuo kingine. Mwaka 1973 likatolewa shauri kwamba orodha iwe moja, iwekwe mahali pamoja, na kila mwenye kompyuta aichukue kutoka huko.

Mahali hapo palikuwa taasisi ya utafiti ya Stanford katika mji wa Menlo Park, California. Mwenye kulitunza daftari alikuwa mwanamke, Elizabeth Feinler, ambaye wenzake humwita Jake. Alikuwa amesomea kemia, si kompyuta. Aliingia katika kazi za mtandao mwaka 1972, akawa mkuu wa ofisi hiyo ya habari mpaka mwaka 1989. Mtu aliyetaka kompyuta yake ipewe jina aliipelekea ofisi hiyo maombi, kwa simu au kwa barua ya kompyuta. Bibi Feinler na wenzake wakatazama kama jina lile halijachukuliwa, kisha wakaliandika pamoja na namba yake. Wakubwa wa vyuo na wakubwa wa jeshi wote walipitia katika ofisi hiyo.

Fikirini kidogo jambo hili. Simu ya ofisi ile ilipokewa saa za kazi za California. Wakifungua saa tatu asubuhi katika majira yao ya baridi, hapa kwetu ni saa mbili usiku. Wakifunga saa kumi na moja jioni, hapa jogoo wa kwanza amekwisha kuwika, ni saa kumi alfajiri. Lau Mwanza ingalikuwa na kompyuta katika mtandao ule, mwenye kuiombea jina kwa simu angalilazimika kukesha. Wakati ule hapakuwa na kompyuta ya namna hiyo hapa, lakini mfano huu waonyesha maana ya daftari moja kukaa mahali pamoja. Anayekaa karibu na daftari huamka na kuandikisha, na anayekaa mbali hungoja.

Hata Wamarekani wenyewe walianza kuchoka. Mwezi wa Agosti 1981 kompyuta zilizoandikwa zilikuwa 213. Oktoba 1984 zilikuwa zimepita 1,000. Mwisho wa mwaka 1987 zilipita 28,000. Daftari likawa linarefuka kila juma, na kila kompyuta ililazimika kulinakili lote upya, hata kama lililobadilika ni mstari mmoja. Mtu alipomaliza kunakili, nakala yake ilikuwa imekwisha kuchakaa, kwa sababu majina mapya yalikuwa yameongezwa nyuma yake. Tena jina moja halikuweza kutumiwa na watu wawili. Aliyetangulia kuchukua jina zuri alilichukua kwa dunia nzima.

Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zote za mtandao ule zilihamia katika kanuni mpya za kusemezana, na kanuni hizo ndizo zilizotumia namba zenye hesabu nne tulizoandika ubaoni. Mwaka huo huo lilitafutwa dawa la daftari. Katika Chuo Kikuu cha Southern California alikuwapo mtaalamu aliyeitwa Jon Postel, mtu mwenye ndevu nyingi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyegawa namba za mtandao. Palikuwa na mashauri matano ya watu mbalimbali juu ya majina. Postel akamkabidhi kijana wa kazini kwake, Paul Mockapetris, akimtaka ayapatanishe. Mockapetris hakuyapatanisha. Aliyaweka kando akatunga shauri lake mwenyewe, nalo likachapwa Novemba 1983. Shauri hilo latumika mpaka leo, ingawa limeongezewa mengi.

Alifanya nini? Alilivunja daftari. Hakuondoa daftari moja akaweka jingine kubwa zaidi. Aliligawa vipande vipande, kila kipande kikapewa mtunzaji wake, na kila mtunzaji akaruhusiwa kukigawa tena cha kwake. Hakuna tena mtu mmoja anayejua majina yote. Kila mmoja anajua majina ya kwake tu, na anajua amwulize nani kwa mengine.

Kipande kama hicho kwa Kiswahili chaitwa kikoa, na jina lenyewe ni jina la kikoa. Wazee wenu walilijua neno hili kabla ya kompyuta. Kula kikoa ni watu kushirikiana chakula, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila mmoja akileta zamu yake. Aliyelichagua neno hili kwa habari za intaneti alichagua vizuri, maana mpango wa Mockapetris wasimama kwa sababu kila mtu analeta sehemu yake. Mmoja asipoleta, wenziwe watakaa na njaa.

Ili tuelewe mpango huo, tutazame bahasha. Juu huandikwa jina la mtu, kisha S.L.P. na namba, kisha Mwanza, na chini kabisa Tanzania. Karani wa posta aliyeko Ulaya huanza kusoma wapi? Huanza chini. Akiona Tanzania, huitia barua katika mfuko wa Tanzania, na mambo ya Mwanza hayamhusu. Karani wa Dar es Salaam naye hutazama Mwanza. Karani wa Mwanza ndiye peke yake anayehangaika na sanduku.

Sasa kiongozi andika ubaoni: saut.ac.tz. Hilo ni jina la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kile kilichoko Malimbe nje kidogo ya mji wetu. Macho yetu husoma kutoka kushoto, lakini kompyuta hulisoma jina hili kama karani anavyosoma bahasha, yaani kutoka mwisho. Mwisho ni tz, yaani Tanzania. Kabla yake ni ac, yaani vyuo vya elimu ya juu. Mwanzo ni saut, yaani chuo chenyewe.

Je, namba yapatikanaje? Tuseme wewe uko Mwanza na unamtafuta mtu katika kisiwa cha Ukara, wala hujui nyumba yake. Utakwenda bandarini Mwanza na kuuliza njia ya Ukara. Mtu wa bandarini hajui nyumba ya ndugu yako, lakini anajua kwamba ni lazima uende Nansio katika kisiwa cha Ukerewe, akakuonyesha meli. Nansio nao hawamjui, lakini watakuambia uende Bugolora ukavuke. Umevuka, umefika Ukara, unauliza kijiji. Kijijini wanakuonyesha kitongoji, na katika kitongoji yuko mtu atakayekushika mkono mpaka mlangoni. Uliowauliza ni wengi, na kati yao ni mmoja tu aliyeijua nyumba. Lakini hakuna aliyekupoteza, kwa kuwa kila mmoja aliijua hatua iliyofuata.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Simu yako huuliza kompyuta ya kampuni ya simu. Hiyo, ikiwa haijui, huuliza kompyuta za juu kabisa, ziitwazo za mizizi: ni nani mtunzaji wa tz? Ikijibiwa, humwendea mtunzaji wa tz na kumwuliza habari za ac.tz na za saut. Mwisho hurudi na namba. Safari hiyo yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tena kompyuta iliyopata jibu hulikumbuka kwa muda, mara saa chache, mara siku moja, isisumbue watu kila mara. Ndiyo maana mtu akihamishia kompyuta yake kwenye namba mpya, wengine huendelea kupelekwa kwa ile ya zamani kwa muda kidogo.

Basi mnaona kwamba namba hazikuondoka. Zilitolewa katika vinywa vya watu, lakini chini ya kila jina namba iko. Na zile bilioni 4 zilipungua hata ghala kuu la dunia likaishiwa mwezi wa Februari 2011. Pana namna mpya ya namba ndefu zaidi, nayo yaenea polepole. Mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa majina yalibaki yale yale. Hiyo ndiyo faida ya pili niliyoitaja kwa mama wa dagaa.

Baada ya kulivunja daftari, ilibaki kuamua vipande vya juu viitwe nini. Ofisi ya Bibi Feinler ilishauri majina yagawanywe kwa aina ya mahali kompyuta ilipo, kama ni jeshi, chuo, serikali au biashara. Mwaka 1984 mikia hiyo ikatangazwa: com kwa biashara, edu kwa vyuo, gov kwa serikali, mil kwa jeshi, org kwa vyama vingine. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta iliyoitwa Symbolics ikaandikisha jina la kwanza lenye mkia wa com. Wakati ule hapakuwa na mbio. Mwaka mzima ulipita, na walioandikisha com walikuwa wachache.

Angalieni neno moja hapo. Mkia wa gov ni wa serikali, lakini serikali ipi? Ni serikali ya Marekani peke yake. Mil ni jeshi la Marekani peke yake. Wao hawakuhitaji kutaja nchi yao, kwa kuwa ndio waliotangulia. Jambo la namna hii limepata kutokea zamani. Uingereza ilikuwa ya kwanza kutoa stempu za posta zenye gundi, mwaka 1840, zikiwa na kichwa cha Malkia Victoria. Mpaka leo stempu za Uingereza hazina jina la nchi. Sisi sote tuliofuata ni lazima tuandike jina letu.

Malkia huyo tunamjua hapa kwa sababu nyingine. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika mwambao huu, karibu na hapa Mwanza, akaliona ziwa letu. Ziwa lilikuwa na majina. Wasukuma na jirani zao waliliita Nyanza, wafanyabiashara wa pwani walilijua kwa jina la Ukerewe, na ng'ambo ya kaskazini Waganda waliliita Nalubaale. Speke akaliita kwa jina la malkia wake, akarudi kwao, akaliandika katika ramani. Jina lililoenea duniani likawa lile lililokuwa katika kitabu cha mwenye kalamu. Sina ugomvi na jina hilo leo, maana hata sisi wenyewe tumelizoea. Ninalotaka mlione ni kwamba waliokaa kando ya ziwa hawakuulizwa, kwa kuwa daftari halikuwa lao.

Swali kama hilo likaja pia katika intaneti: nchi nyingine zitaandikwa vipi, na nani atakayeamua ni nchi ipi na si nchi ipi? Postel alikuwa mtu wa akili. Hakutaka kuingia katika ugomvi huo. Alichukua orodha iliyokwisha kuwako, ya shirika la kimataifa la viwango, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974, ambayo huipa kila nchi herufi mbili. Nchi ikiwa katika orodha hupata mkia, na isipokuwamo haipati. Mwaka 1994 akaandika pia kwamba mtunzaji wa mkia wa nchi ni mdhamini tu. Mkia si mali yake. Anautunza kwa ajili ya watu wa nchi ile na kwa ajili ya mtandao wote.

Herufi zetu ni TZ. Ni herufi za Muungano, maana Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na mwezi wa Oktoba mwaka huo jina la Tanzania likatangazwa. Kwa hiyo Zanzibar haina mkia wake peke yake, nayo hutumia tz kama sisi. Kati ya nchi tatu zinazoligawana ziwa hili, Kenya ilitangulia, ikapata ke mwezi wa Aprili 1993. Uganda ilipata ug mwezi wa Machi 1995. Sisi tulipata tz tarehe 14 Julai 1995.

Jirani yetu wa magharibi alipata taabu ya peke yake. Nchi yake ilipoitwa Zaire, mkia wake ulikuwa zr. Mwaka 1997 Mobutu akaondoka na nchi ikarudia jina la Kongo. Orodha ya herufi ikabadilishwa, ukatolewa mkia mpya wa cd. Waliokuwa na majina yenye zr ikawapasa kuhama, na mwaka 2001 zr ikafutwa kabisa. Nchi haikusogea hata hatua moja, milima na mito ilikaa pale pale, lakini kwa kompyuta za dunia mahali paitwapo zr hapako tena.

Sasa tuitazame tz. Kupata mkia hakukuwa sawa na kuwa na ofisi ya kuutunza. Mwaka 1995 tz iliandikwa kwa jina la mtu mmoja mtaalamu, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo katika nchi nyingi, wala sioni aibu katika hilo. Kompyuta nchini zilikuwa chache, na njia ya kwenda nje ilikuwa ya setilaiti, ya polepole na ya gharama kubwa. Bila watu wachache wa kujitolea tusingalikuwa na mkia kabisa. Lakini jambo la nchi likiwa katika jina la mtu mmoja lina hatari yake. Mtu huugua, huhama, hustaafu. Na biashara ikikua, atakayenyimwa jina atakwenda kulalamika kwa nani?

Mwaka 2006 kikaundwa kituo cha kutunza majina ya nchi, tzNIC, kwa shauri la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na umoja wa makampuni yanayouza huduma ya intaneti. Hata hivyo kuundwa kwa kituo hakukutosha. Ilipasa wakubwa wa daftari la juu, ambalo tangu mwaka 1998 linasimamiwa na shirika liitwalo ICANN huko California, wakubali kuliandika jina la mtunzaji mpya. Wakachunguza kama kituo kinaijua kazi na kama wananchi wanakitaka. Mwaka 2010 wakakubali. Hesabuni wenyewe: toka 1995 mpaka 2010 ni miaka kumi na mitano.

Katikati ya miaka hiyo, mpaka Julai 2009, watu wengi waliotumia intaneti nchini walipitia setilaiti. Julai 2009 waya wa kwanza mkubwa wa chini ya bahari, uitwao Seacom, ukaanza kazi Dar es Salaam, na miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa ukavuta mawasiliano ya waya mpaka mikoani, na Mwanza imo. Waya na daftari vilikuja kwa karibu wakati mmoja. Waya watu waliuona, ukasherehekewa. Daftari halikuonekana na watu wengi.

Chini ya tz vimegawanywa vikoa vidogo. Go.tz ni wa Serikali. Ac.tz ni wa vyuo. Sc.tz ni wa shule. Or.tz ni wa vyama visivyotafuta faida. Co.tz ni wa biashara, na mfanyabiashara yeyote aweza kuuomba. Mkia wa go.tz hapewi mtu binafsi hata akiwa na fedha. Kiongozi andika: mwanza.go.tz. Hiyo ni Serikali ya Mkoa wetu. Andika tena: necta.go.tz. Hilo ni Baraza la Mitihani.

Hapa ndipo ndugu zangu mnaojifunza kusoma mtapata faida ya kazi yenu. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango. Hukuletea ujumbe katika simu: umepata zawadi, au mkopo, au nafasi ya kazi serikalini, bonyeza hapa. Chini yake huweka jina. Wanajua kwamba mtu husoma maneno ya mwanzo na kuridhika. Basi mwizi huweka maneno mazuri mwanzoni. Aweza kuandika mwanza.go.tz, kisha akatia nukta na maneno yake mengine, na mwisho akamalizia kwa com. Anayesoma mwanzo ataona Serikali. Anayesoma kama karani wa posta ataanza mwisho, ataona com, na atajua kwamba barua hii haikutoka mkoani, wala Serikali haina habari nayo. Si kwamba com ni mkia wa wezi. Makampuni mengi ya haki yanao. Lakini ofisi ya Serikali ya Tanzania haina sababu ya kukaa huko.

Liko jambo moja la kuangalia. Baada ya jina, mara nyingi huja mstari wa mshazari, na nyuma yake maneno marefu. Hayo ni kama chumba ndani ya nyumba, si jina la nyumba. Tafuta mstari wa mshazari wa kwanza unaokuja baada ya jina, usimame hapo, kisha urudi nyuma kutoka kulia kwenda kushoto, neno kwa neno, nukta kwa nukta.

Tumebakiwa na dakika chache, na kiongozi atazitumia hivi. Afute ubao. Achore bahasha, na ndani yake aandike anwani ya shule yenu au ya ofisi ya kijiji, mstari chini ya mstari. Kando ya bahasha aandike mwanza.go.tz. Kila mwanakikundi aje mbele kwa zamu, aoneshe kwa kidole karani wa mbali anaanza kusoma wapi katika bahasha, na kompyuta inaanza kusoma wapi katika jina. Asiyeona vizuri ubaoni asogee mbele. Juma lijalo, saa hii hii, leteni simu moja kwa kila kikundi.